Hesabu za mwaka hazianzi Juni: kujiandaa na kodi ya mapato ukiwa na mshauri wa kodi

Wafanyabiashara wengi humtafuta mhasibu wiki ya mwisho ya Juni, wakati meza yake imejaa mafaili ya watu wengine na simu haiachi kuita. Kwa muda huo anachoweza kukufanyia ni kimoja tu: kupanga namba za mwaka uliokwisha na kuziwasilisha kabla ya tarehe 30. Kukupunguzia kodi kihalali hawezi tena. Mwaka ulifungwa Desemba 31, stoki haikuhesabiwa, risiti nusu zimefutika, na makadirio ya kodi ya mwaka mpya ulishayapeleka Machi kwa kubahatisha. Halafu kodi ikija kubwa, lawama zinakwenda TRA (Mamlaka ya Mapato) au kwa mhasibu.

Mwongozo huu ni kwa mtu binafsi mwenye biashara Tanzania Bara, anayetumia mwaka wa kalenda, na ambaye mauzo yake yamevuka shilingi milioni 100 kwa mwaka au yanakaribia huko. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: duka la vifaa vya ujenzi mjini Kahama. Namba za duka ni za kutunga, viwango vya kodi ni vya sheria. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila Julai, mwulize mshauri wako kama kuna kilichoguswa kabla hujapiga hesabu ya mwisho.

1. Jua kwanza uko kundi gani

Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi, na halazimiki kuandaa hesabu kamili. Ukivuka hapo, unatozwa kwa faida, na hesabu zinatakiwa ziandaliwe na mhasibu mwenye sifa. Watu wengi huvuka bila kujua, kwa sababu wanaangalia faida inayobaki mfukoni badala ya mauzo. Duka linalouza wastani wa 280,000 kwa siku, siku zote za mwaka, limeuza 102,200,000. Tayari limetoka kwenye kundi la wadogo, hata kama mwenyewe bado anajiona mchuuzi.

Kuna mstari mwingine mbele yake: milioni 200 za mauzo, ambapo usajili wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni lazima. Duka letu la Kahama limeuza milioni 180. Hilo peke yake linatosha kumpigia mshauri simu Oktoba, si Juni, kwa sababu ukiingia kwenye VAT bei zako, risiti zako na namna ya kununua mzigo vinabadilika vyote.

2. Tafuta mshauri kabla mwaka haujaisha

Oktoba au Novemba ndio wakati mzuri. Hawajabanwa, na wewe bado una wiki kadhaa za kurekebisha mambo.

Mshauri wa kodi anatakiwa awe amesajiliwa na TRA. Anayeandaa au kukagua hesabu zako anatakiwa awe CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha taaluma, aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Omba kuona vyeti vyote viwili, na uangalie kama havijaisha muda. Mtu mwenye sifa hakasiriki kuulizwa.

Vyeti vikishapita, msikilize anavyoongea. Akikuuliza mapema, "Unataka kulipa ngapi?", nyanyuka uende. Huyo ataanza na kodi unayoipenda kisha atarudi nyuma kutengeneza faida ya kufanana nayo, na siku ya ukaguzi wewe ndiye mwenye TIN, namba ya mlipakodi. Vivyo hivyo anayejisifu kwamba anajuana na mtu pale ofisini. Mzuri utamjua kwa maswali ya kuchosha: stoki ulihesabu lini, fremu ni ya nani, gari linatumika dukani tu au linapeleka na watoto shule, unakopesha nani, fedha za lipa namba zinaingia wapi.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha: atafanya nini (hesabu za mwaka, makadirio, ritani yaani taarifa ya kodi ya mwaka, kujibu barua za TRA), kwa ada gani, italipwa kwa awamu zipi, na nani hasa ndani ya ofisi yake atashika faili lako. Hakikisha panasemwa waziwazi kama ada inahusu pia ukaguzi, maana mara nyingi ugomvi huanzia hapo. Ada ya kukatiwa asilimia ya kodi "atakayokuokolea" ikatae. Na kwa taarifa yako, ada ya mshauri ni gharama ya biashara, kwa hiyo dai akupe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Jambo moja ambalo halionekani kubwa hadi liharibike: namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa kwenye akaunti yako ya mlipakodi ziwe zako. Wapo watu ambao TIN zao ziliunganishwa na simu ya mshauri aliyewasaidia miaka mingi nyuma. Taarifa za TRA zinakwenda kwake, yeye kahama mji, na mwenye biashara anagundua ana deni siku anapofuatilia cheti cha uthibitisho wa kulipa kodi ili ahuishe leseni. Mshauri umpe ruhusa ya kukuwakilisha, lakini akaunti ibaki mkononi mwako.

3. Desemba 31: hesabu stoki kwa mikono

Hii ndiyo kazi ambayo mshauri hawezi kukufanyia akiwa ofisini kwake, na ndiyo inayoharibu hesabu nyingi za maduka.

Funga duka mapema jioni ya tarehe 31, au hesabu alfajiri ya Januari mosi kabla ya kuuza chochote. Muwe wawili: mmoja anahesabu na kutaja, mwingine anaandika. Usiandike "saruji, nyingi kidogo". Andika saruji mifuko 214, bei ya kununulia na kufikisha dukani, jumla. Nondo zitenganishwe kwa milimita: za 8, 10, 12 na 16, kila moja kwa idadi ya vipande. Mabati kwa geji na urefu. Misumari iliyofunguliwa ipimwe kwa kilo. Rangi zilizoganda na mifuko iliyoingiwa maji iandikwe kwenye karatasi yake peke yake na ipigwe picha, kwa sababu mzigo ulioharibika una namna yake ya kuingia kwenye hesabu, na bila ushahidi hautaaminika.

Bei inayotumika ni ya kununulia, si ya kuuzia. Wote wawili wasaini kila ukurasa na tarehe. Karatasi hizo ndizo mshauri atakazozihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu stoki ya mwisho wa mwaka huu ndiyo ya kuanzia mwaka ujao. Ukipunguza stoki kwa milioni 5 ili faida ionekane ndogo, milioni hizo zinarudi mwaka unaofuata kama faida, na afisa akilinganisha vitabu vya miaka miwili anaona mwanya mara moja. Ukizidisha kwa kukisia, unalipia kodi mzigo ambao hukuuza.

4. Januari na Februari: jenga faili

Mshauri atakupa orodha yake. Ya kawaida inakuwa na haya:

- ripoti za mauzo za mashine ya EFD, mwezi kwa mwezi
- risiti za manunuzi zenye jina na TIN yako
- taarifa za benki na za lipa namba za mitandao yote unayotumia, miezi 12 kamili
- mkataba wa fremu na risiti za kodi ya zuio ya pango (kodi inayokatwa kwenye malipo na kupelekwa TRA)
- orodha ya mishahara, pamoja na malipo ya PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi)
- mkataba wa mkopo na jedwali la marejesho
- orodha ya vifaa vya kudumu: gari, kompyuta, mizani, makabati, na tarehe vilipoanza kutumika
- vyeti vya kodi ya zuio uliyokatwa na wateja
- ritani na hesabu za mwaka uliotangulia

Risiti za EFD zinachapwa kwenye karatasi inayofutika kwa joto. Risiti ya Februari iliyokaa kwenye droo karibu na dirisha, ikifika Desemba ni karatasi nyeupe. Piga picha au toa nakala siku hiyohiyo, hifadhi kwa mwezi. Na unaponunua mzigo Dar es Salaam au Mwanza, simama hapo hadi muuzaji aingize TIN yako. Risiti isiyo na jina lako ni vigumu kuitetea. Manunuzi yasiyo na risiti kabisa yatakataliwa, na hapo mtu hulipa kodi ya 30% juu ya fedha ambayo aliitumia kweli.

Taarifa za benki na simu ndizo zenye mambo. Maafisa huchukua fedha zote zilizoingia na kuuliza: kama si mauzo, ni nini? Sasa angalia zinazoingia kwenye namba ya duka. Michango ya harusi ya mdogo wako uliyekuwa mweka hazina wake. Fedha za kikoba zinazopitia kwako kila Jumamosi. Mkopo wa benki. Ndugu aliyekutumia umjengee msingi kijijini. Zote hizo zinaonekana kama mauzo yasiyotolewa risiti. Chapa taarifa, chukua kalamu, na pembeni ya kila kiasi kikubwa kisicho cha duka andika kilitoka wapi. Daftari la kikoba na kadi ya harusi zitunze, ni ushahidi halali kabisa. Kisha kuanzia mwezi huo fungua namba tofauti kwa mambo ya nyumbani. Kati ya ushauri wote ulio hapa, huo ndio unaoweza kutekeleza leo bila kumlipa mtu.

Usipeleke benki hesabu zenye faida ya milioni 60 ili upate mkopo, kisha TRA ukapeleka za milioni 12. Hesabu ni moja. Mshauri anayekubali kutengeneza mbili amekuweka wewe hatarini, na akitaka kukugeuka anazo nakala zote.

5. Kaeni mezani mpige hesabu pamoja

Usikubali kuletewa ukurasa wa mwisho usaini. Omba kikao cha saa moja mpitie mstari kwa mstari. Hivi ndivyo kinavyokuwa kwa duka letu la Kahama.

Mauzo ni 180,000,000. Stoki ya mwanzo 22,000,000, ongeza manunuzi 150,000,000, toa stoki ya mwisho 30,000,000: gharama ya mzigo uliouzwa ni 142,000,000. Faida ghafi, 38,000,000.

Gharama za uendeshaji: fremu 3,600,000, mishahara ya vijana wawili 6,000,000, michango ya mwajiri ya NSSF na WCF 630,000, umeme na ulinzi 1,200,000, usafirishaji 1,400,000, makato ya benki na mengineyo 370,000. Jumla 13,200,000.

Halafu kuna uchakavu, yaani thamani ya vifaa inayopungua mwaka hadi mwaka, ambao wenye maduka wengi husahau kwa sababu hakuna fedha inayotoka. Mwenye duka amenunua kirikuu cha kupelekea mizigo kwa shilingi milioni 8. Magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7 yako kwenye daraja la kwanza, 37.5% kwa mwaka, sawa na kompyuta. Mwaka wa kwanza ni 3,000,000. Mwaka wa pili unapiga asilimia hiyohiyo kwenye milioni 5 zilizobaki, unapata 1,875,000. Samani na makabati yako 12.5%. Kama kirikuu kinatumika nusu kwa mambo ya familia, nusu hiyo haihesabiwi, na mshauri akikuuliza mwambie ukweli.

Faida ya kutozwa kodi inabaki 21,800,000.

Viwango vya mtu binafsi kwa mwaka vinakwenda kwa ngazi. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni 8%. Hadi 9,120,000 ni 20%, hadi 12,000,000 ni 25%, na kinachozidi milioni 12 ni 30%. Kwa mtu aliyevuka milioni 12, ngazi za chini zote pamoja ni 1,536,000. Kwa hiyo: 1,536,000 jumlisha 30% ya 9,800,000, ambayo ni 2,940,000. Kodi ya mwaka ni 4,476,000.

Angalia uzito wa kirikuu hapo. Kama kingesahaulika, faida ingepanda kwa milioni 3 na kodi ingeongezeka kwa 900,000. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri unayoilipia.

Katika kikao hicho atafuta baadhi ya vitu ulivyoandika kama gharama, na usibishane naye. Ada za shule za watoto, chakula cha nyumbani, faini, na kodi ya mapato yenyewe havikatwi. "Mshahara" unaojilipa mwenye biashara haukatwi pia, kwa kuwa faida yote ni yako. Kwenye mkopo, riba inakatwa ikiwa fedha iliingia dukani, lakini marejesho ya mtaji wa mkopo si gharama. Kupaka rangi fremu ni matengenezo. Kuongeza chumba cha stoo ni uwekezaji, una hesabu yake.

Ulizia pia fedha uliyokatwa tayari. Duka letu liliuza vifaa vya milioni 40 kwa miradi ya madarasa ya shule za serikali, ile inayoendeshwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo taasisi inanunua vifaa na kusimamia ujenzi yenyewe. Taasisi za serikali hukata 2% zinapolipia bidhaa, kwa hiyo 800,000 zilishakwenda TRA kwa jina la mwenye duka. Hizo zinapunguzwa kwenye 4,476,000, anabaki na 3,676,000 ya kulipa. Lakini zinapunguzwa kwa cheti. Wengi wanaridhika kulipwa na kuondoka, cheti hawadai, kisha Juni wanamfuata mhasibu wa halmashauri ambaye ameshahamishwa wilaya. Dai cheti kila unapolipwa.

Hapa kuna jambo moja zaidi la kuamua na mshauri. Mtu binafsi anaruhusiwa kuchagua kuhesabu mapato kwa fedha iliyopokelewa au kwa mauzo yaliyofanyika hata kama hayajalipwa. Kwa anayekopesha miradi na kulipwa baada ya miezi minne, uchaguzi huo unaamua kama atalipia kodi fedha ambayo hajaishika. Ukichagua njia, unakaa nayo. Huwezi kuruka huku na kule kila mwaka kwa kufuata upepo.

Na kuhusu kufungua kampuni. Utaambiwa na kila mtu kwamba kampuni inapunguza kodi. Kampuni hutozwa 30% tangu shilingi ya kwanza ya faida, haina ile ngazi ya 3,240,000. Kwa faida yetu ya 21,800,000, kampuni ingelipa 6,540,000, yaani 2,064,000 zaidi ya mtu binafsi, na juu yake ada ya ukaguzi wa hesabu. Ni kweli ndani ya kampuni mwenyewe anaweza kujilipa mshahara ukakatwa kama gharama, na mshahara huo ukatozwa PAYE. Kampuni ina faida zake nyingine, zabuni zikiwemo. Ila mshauri anayekusukuma ufungue kampuni bila kukuonyesha hesabu hizi mbili kando kwa kando anauza huduma ya kusajili kampuni.

6. Machi: makadirio

Kabla ya Machi 31 unapeleka makadirio ya kodi ya mwaka ulioanza, na unalipa robo ya kwanza. Robo nyingine ni Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Watu huichukulia karatasi hii kama ya kuondosha usumbufu: wananakili ya mwaka jana, au wanakubali namba waliyotajiwa kaunta. Kumbe ndiyo inayopanga fedha zako za mwaka mzima.

Ndiyo maana hesabu za mwaka uliopita zipigwe kufikia Februari, hata kama zitasainiwa baadaye. Ukiingia Machi na namba halisi, unaweza kukadiria kwa hoja. Duka letu lilikuwa na kodi ya 4,476,000. Mwaka huu mwenye duka anatarajia miradi ya shule ipungue, lakini kirikuu kinampa wateja wa vijijini. Wakakubaliana na mshauri waweke 4,500,000, yaani 1,125,000 kwa robo, kabla ya kupunguza zitakazokatwa na serikali.

Ukikadiria chini sana unaadhibiwa: makadirio yakiwa chini ya 80% ya kodi halisi, unatozwa riba juu ya upungufu. Kama kodi halisi itakuwa 4,476,000, basi sakafu yako ni 3,580,800. Ukikadiria juu sana, mtaji wako unakaa serikalini wakati mzigo dukani umeisha, na kuurudisha kunataka maombi na uhakiki.

Makadirio yanaweza kurekebishwa mwaka ukiendelea. Barabara ikifungwa, mkandarasi mkubwa akihama, duka likiungua, mshauri apeleke makadirio mapya yenye maelezo na vielelezo. Usinyamaze ukaacha kulipa tu, maana kwenye mfumo kunyamaza huonekana kama deni.

Kwa Kahama robo ya Machi ni ngumu zaidi, kwa sababu ni msimu wa mvua na ujenzi umelala. Mauzo makubwa huja kiangazi. Dawa yake ni kugawa kodi kwenye mauzo ya kila siku. Kodi ya 4,476,000 kwa mauzo ya 180,000,000 ni kama 2.5%, yaani shilingi 25 kwa kila 1,000. Ukiuza 600,000 leo, 15,000 inakwenda akaunti ya kodi jioni hiyo. Mwulize mshauri asilimia ya biashara yako, kwa sababu ya duka la dawa au saluni haifanani na ya saruji.

Kodi ulipe mwenyewe. Mshauri atengeneze kumbukumbu namba ya malipo kwenye mfumo, wewe ulipe benki au kwa simu. Usimpe fedha taslimu "akupelekee", hata awe mjomba.

7. Mambo ya kila mwezi yanayomsaidia mshauri

Haya ni mafupi. Kodi ya zuio, ikiwemo 10% ya pango, inapelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha, na PAYE vivyo hivyo. Kwa fremu ya 3,600,000, unazuia 360,000 na mwenye fremu anapokea 3,240,000. Wenye fremu wengi hukataa: "Mimi nataka yangu kamili, hayo ya TRA ni yako." Yazungumzeni kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu mkataba ukishasainiwa na usipozuia, TRA itakudai wewe.

Kila robo mwaka mtumie mshauri namba tatu: mauzo, manunuzi, fedha iliyopo benki. Ataona mapema kama unaikaribia milioni 200 ya VAT au kama makadirio yamepotoka. Na Julai, bajeti ikishapita Dodoma, mpigie umuulize kilichobadilika kwa biashara kama yako.

8. Juni: ritani ya mwisho

Ukiwa umefanya hayo ya juu, Juni haina presha. Hesabu zinasainiwa Aprili au Mei, ritani inapelekwa mtandaoni kabla ya Juni 30, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Tofauti kati ya kodi halisi na robo nne ulizolipa mwaka uliopita inalipwa hapohapo. Kumbuka siku hiyohiyo ya Juni 30 ndiyo ya robo ya pili ya mwaka mpya, kwa hiyo yanaweza kuwa malipo mawili kwa pamoja.

Kabla mshauri hajabonyeza kutuma, linganisha mambo manne: mauzo kwenye ritani na mauzo kwenye ripoti za EFD, stoki ya mwanzo na ile ya mwisho ya mwaka jana, mishahara na uliyotangaza kwenye PAYE, jina na TIN. Tofauti yoyote iwe na maelezo ya maandishi kwenye faili. Kama kuna sababu ya kweli ya kuchelewa, mshauri aombe kuongezewa muda kwa maandishi kabla ya tarehe, si baada yake.

Chukua nakala ya kila kilichotumwa pamoja na uthibitisho wa kupokelewa. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Zitunze kwako, zisibaki kwa mshauri tu. Siku mkiachana, faili lisigeuke mateka wa deni la ada.

9. Barua ya TRA ikija

Barua inaweza kuja miezi au miaka baada ya ritani. Usijibu kwa simu, na usiende peke yako kujieleza kwa hasira. Mpelekee mshauri siku hiyohiyo, kwa sababu saa imeshaanza kuhesabu. Afisa akitoa tathmini ambayo hukubaliani nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, na kwa kawaida unatakiwa ulipe kiasi usichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa. Tathmini ya milioni 9 usiyokubali hata senti yake, maana yake uwe na milioni 3 ndani ya mwezi. Ikiwa huwezi, mshauri aombe kwa maandishi kiasi hicho kipunguzwe au kiondolewe, akieleza sababu. Uamuzi wa pingamizi usipokuridhisha, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi, na huko karatasi za stoki zilizosainiwa na watu wawili zina nguvu kuliko maelezo ya mdomo.

Pingamizi lililopelekwa siku ya 31 bila ruhusa ya kuongezewa muda halisikilizwi, hata kama hoja zako ni za kweli. Kwa hiyo bahasha ikifika, andika juu yake tarehe uliyoipokea na jina la aliyeipokea, kisha ipige picha.